Kwa nini tulilia Obama alipoapishwa

Ndugu yangu, umeuliza kwa nini watu wa Mombasa walilia Obama akiapishwa kuwa rais wa Marekani ilhali si rais wetu. Nitajibu langu. Ilikuwa 20 Januari 2009, kwao adhuhuri, kwetu saa mbili usiku. Tulijazana barazani Mji wa Kale, kahawa ikizunguka. Jaji Mkuu Roberts akachanganya maneno ya kiapo, wakakirudia kesho yake, hilo halikunishughulisha. Kilichonitoa machozi ni pale kwenye hotuba aliposema kwamba chini ya miaka 60 nyuma, babake huenda asingehudumiwa mkahawani. Babake, Mluo aliyekulia Siaya, Mkenya kama mimi! Wazee waliokuwa pale hawakuhitaji kufafanuliwa. Ubaguzi wa mkoloni waliuonja wenyewe.

Na jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito zaidi: 30 Desemba 2007 sisi tuliona kiapo cha rais wetu, Kibaki, baada ya uchaguzi uliozua mzozo, kikifanywa Ikulu jioni, haraka haraka, na damu ikamwagika nchini. Mwaka mmoja baadaye nikamwona Bush, rais aliyempisha Obama, akipanda helikopta akaenda zake, na nchi yake imetulia. Wallahi niliwaonea wivu, na nikatamani hayo yawe yetu.