Kioo cha hezi 144 na macho yanayowasha

Dada yangu wa Chake Chake, umeuliza kama kununua kioo cha kompyuta cha hezi 144, yaani kinachobadilisha picha mara 144 kwa sekunde, kutakuondolea macho kuwasha unapochapa barua za ofisi kutwa nzima. Sidhani. Vioo vya zamani vya chogo vilimetameta kwa hezi 60, na kuvipandisha hadi 85 kulisaidia kweli. Lakini kioo bapa hakizimiki baina ya picha moja na nyingine, na kinachoweza kumeta ni taa yake ya nyuma, hasa ukipunguza mwangaza. Kitazame kupitia kamera ya simu: mistari myeusi ikitembea, huenda taa ndiyo yenye kasoro. Zaidi ya hayo, anayekodolea kompyuta hupepesa macho mara chache, yakakauka, na hiyo feni uliyosema inakupulizia usoni huzidisha. Igeuze kwanza, kabla hujatoa pesa.