Maswali na majibu: Mnyoo ndani ya jiwe

Mwalimu, mnyoo hana mfupa, siku mbili ameoza. Anaachaje alama kwenye jiwe? (Mwanafunzi, Kadutu, Bukavu)

Wengi waliisha hivyohivyo. Wachache walifunikwa ghafla na matope laini chini ya bahari, pasipo na oksijeni, na kuoza kukachelewa. Watu wa Kivu hili si geni kwetu: ukishuka mita 60 hivi ziwani, oksijeni imekwisha. Kule kwenye mawe ya Burgess Shale, Kanada, alikofika mtafiti Charles Walcott mwaka 1909, mnyoo wa miaka milioni 508 ni utando mweusi unaong'aa, bapa kama jani lililobanwa daftarini. Mnyoo mmoja wa huko, wa aina iitwayo Ottoia, bado ana chakula chake tumboni.

Ni kweli kuna mnyoo aliyechorwa miguu juu? (Himbi, Goma)

Kweli, na huyo ndiye ninayempenda kuliko wote. Ni Hallucigenia, mdogo kuliko kidole. Mwaka 1977 mtafiti Simon Conway Morris alimchora akitembea juu ya miiba. Mwaka 1991 visukuku (mabaki ya kale ndani ya mawe) vya China vikasaidia kumgeuza: miiba yake, jozi 7, ni ya mgongoni. Hata kichwa kilikosewa! Lile doa jeusi lilikuwa majimaji ya tumbo yaliyokamuliwa mwili ulipooza. Macho na meno yalionekana mwaka 2015, upande wa pili.

Ukoo wake ulijulikana kwa kucha. Mwaka 2014 watafiti Martin Smith na Javier Ortega-Hernández walikuta zina tabaka ndani ya tabaka, kama vikombe vilivyopachikana. Leo kucha za namna hiyo anazo onikofora, mnyama mlaini wa miguu mifupi mingi, anayeishi kwenye majani yaliyooza msituni na kunasa windo kwa kulirushia ute unaonata. Hata misitu ya Gabon anaishi.

Hao ndio mababu wa minyoo ya tumbo ya watoto wetu? (Mama wa Ibanda, Bukavu)

Hapana, mama. Jina "mnyoo" linachanganya koo nyingi. Askarisi wa tumboni hujivua ngozi anapokua, kama panzi na kaa. Kwa hiyo yuko karibu zaidi na panzi, hata na Ottoia, kuliko na mnyoo wa shambani.

Na huyu tunayemtia kwenye ndoano? (Mvuvi, Nguba, Bukavu)

Huyo ana ndugu baharini, na Canadia wa mawe yaleyale ya Kanada ni wa ukoo huo, mwenye mafungu ya nywele ngumu ubavuni. Kabla hujamtia ndoanoni, mpitishie kidole taratibu tumboni, kutoka mkiani kwenda kichwani. Mkwaruzo utakaousikia ni wa nywele kama hizo, ila zake ni fupi mno.