Seva inabadilisha namba kila umeme ukikatika

SWALI: Habari za kazi kaka fundi. Nina stationari hapa Moshi, sio mbali na stendi, nimeweka seva ya Ubuntu 22.04 ya kutunzia kazi za wateja na kompyuta tatu za mbele zinavuta mafaili humo. Sasa kila umeme ukikatika ukirudi seva inakuja na namba nyingine ya mtandao (IP), juzi 192.168.1.104 leo 192.168.1.109, vijana wananipigia "bosi seva imepotea" na wanafunzi wamejaa mlangoni. Nafanyaje ibaki na namba moja?

JIBU: Pole mangi. Seva haijapotea, rauta ndo inagawa namba, na rauta nyingi zikizimika zinasahau zilimpa nani nini, kwa hiyo anayewahi kuwaka ndo anapewa kwanza. Dawa ni seva ijiwekee namba yenyewe.

Kwanza ingia kwenye rauta uone inagawa kuanzia ngapi. Kama tarakimu za mwisho inagawa 100 mpaka 200 wewe chukua 10, yaani 192.168.1.10, usichukue ya humo katikati, siku simu ya mteja ikipewa namba hiyo hiyo utalia. Halafu kwenye seva andika ip a upate jina la kadi ya mtandao, tufanye ni enp3s0. Nenda folda ya /etc/netplan, ndo Ubuntu inakoweka mipangilio ya mtandao, kopi faili lililomo ukaliweke pembeni kwanza, kisha lifungue na sudo nano uliandike hivi:

network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      dhcp4: false
      addresses:
        - 192.168.1.10/24
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.1.1
      nameservers:
        addresses: [192.168.1.1, 8.8.8.8]

Hiyo 192.168.1.1 ni rauta, weka ya kwako. Nafasi zile ni za spesi, ukigusa tabu tu inagoma. Na ukikuta mahali wameandika gateway4 achana nayo, ni ya zamani, siku hizi ni routes.

Sasa hapa ndo pa kuwa makini. Usikimbilie netplan apply, hiyo inabadilisha moja kwa moja, andika sudo netplan try, inakupa sekunde 120, ukiona mambo safi unabonyeza enta, usipobonyeza inarudi ilivyokuwa. Mimi nilijifanya mjuaji, nimekaa Njiro naingia kwa ssh, yaani kwa mbali kupitia mtandao, kwenye seva ya mteja Ngaramtoni, nikapiga apply, kumbe nimekosea tarakimu moja, skrini ikaganda hapo hapo na mvua inanyesha, nikapanda hiace mbili kwenda kurekebisha namba moja.

Kama faili lako linaitwa 50-cloud-init.yaml soma mistari ya juu kabisa kabla hujagusa, yenyewe inakuambia ukiwasha upya inaweza kufuta ulichoandika na inakuonyesha cha kuweka ili isifute. Ukimaliza zima seva uiwashe wewe mwenyewe, usisubiri umeme ukupimie, na zile kompyuta tatu za mbele uzielekeze kwenye 192.168.1.10.