Kabla hujasakinisha, uliza nani anaitunza

Wadogo zangu mnaokuja mafunzo kwa vitendo, na ninyi mliokwisha kumaliza chuo na mnatafuta wateja wa kwanza kati ya Ngamiani na Chumbageni, haya ni yenu. Kazi yangu hapa Tanga ni mitandao na seva: shule, maduka ya dawa, nyumba za wageni, ofisi ndogo ndogo. Kila mwaka napokea vijana wenye juhudi, na wengi wao huja na imani mbili. Kwanza, kwamba programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake (maandishi yaliyozijenga) yeyote anaruhusiwa kuusoma, kuubadilisha na kuusambaza, ni programu za bure tu za kumsitiri asiye na hela. Pili, kwamba usalama wa mtandao ni kuweza kuvunja nenosiri la Wi-Fi ya jirani. Zote mbili zitakuchelewesha. Kwa kila kifaa ulichokabidhiwa, kiwe na programu huria au ya kununua, unatakiwa kujua kinaendesha nini na nani anakitunza. Ukiweza kujibu hayo bila kubahatisha, umeshaanza kuwa fundi.

Chukueni linaloonekana kila siku. Mteja analeta laptopu iliyopigwa Windows ya kukraki. Leseni imefunguliwa kwa kiprogramu kilichonakiliwa kwenye flashi, na ili kikubali kufanya kazi, aliyekiweka alizima kwanza kinga ya virusi. Kisha akazima na masasisho ili mambo yasije yakafichuka. Mashine hiyo ina hesabu za duka, madeni ya watu, pengine na nyaraka za kodi, na aliyepewa mamlaka yote juu yake ni mtengenezaji wa kiprogramu kile, mtu ambaye hakuna anayemjua. Nani anaitunza? Hakuna.

Ndiyo maana nawasukuma kwenye Debian au Ubuntu (aina za Linux, mfumo huria unaokaa mahali pa Windows), LibreOffice ya kazi za ofisi na kivinjari cha Firefox, hasa kwa ofisi zisizo na bajeti ya leseni. Ni vitu halali, vinasasishwa, na vifurushi (programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa) vya Debian na Ubuntu hukaguliwa kwa saini ya kidijitali, kwa hiyo mashine inajua vimetoka kwa wenyewe. Tangu msaada wa kawaida wa Windows 10 ufike mwisho tarehe 14 Oktoba 2025, mashine nyingi zisizotimiza masharti ya Windows 11 zimebaki njia panda. Zikiwekewa Linux zinaendelea kufanya kazi, na zinaendelea kupata marekebisho ya usalama. Bando lisiwe kisingizio. Sakinisha apt-cacher-ng, programu inayohifadhi vifurushi vilivyopakuliwa, kwenye kompyuta moja ya ofisi, na kila kifurushi kitapakuliwa kutoka nje mara moja tu. Mashine nyingine zitakichukua humo humo ndani.

Hata hivyo, kuna maneno tunayoyapenda sana sisi watu wa programu huria: kwamba msimbo ukiwa wazi, macho mengi yanauona, na makosa hayana pa kujificha. Naipenda programu huria kwa moyo wote, na kwa sababu hiyo hiyo sitaki mwanafunzi wangu aishi kwa maneno hayo. Uwazi unampa mtu nafasi ya kukagua. Haumlazimishi mtu yeyote kukagua.

Kisa cha XZ Utils mkijue kwa undani. Ni programu ndogo ya kubana faili, na imo karibu kwenye kila Linux. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, kwa kujitolea, bila mshahara. Kuanzia mwaka 2021 akaunti yenye jina la Jia Tan ikaanza kuleta marekebisho mazuri, moja baada ya jingine. Mwaka 2022 zikajitokeza akaunti nyingine zikimlaumu Collin kwamba anachelewa na mradi unahitaji mtunzaji mwingine. Taratibu Jia Tan akaaminiwa, hadi akawa ndiye anayetoa matoleo. Februari na Machi 2024 yakatoka toleo la 5.6.0 na la 5.6.1, na ndani yake mlikuwa na mlango wa siri.

Sikilizeni vizuri jinsi ulivyowekwa. Sehemu yake kubwa ilifichwa kwenye faili za majaribio, ambazo kwa kawaida hakuna anayehangaika kuzifungua. Kipande cha kuuamsha hakikuwemo kabisa kwenye msimbo uliokuwa hadharani. Kilitiwa kwenye kifurushi kilichotolewa kwa ajili ya kupakuliwa. Wala shabaha haikuwa kubana faili. Kwenye baadhi ya Linux, zikiwemo Debian na Fedora, huduma ya SSH tunayoingilia kwenye seva tukiwa mbali ilikuwa imeunganishwa na maktaba (msimbo unaotumiwa na programu nyingine) ya systemd, programu inayoziwasha huduma za Linux, na maktaba hiyo nayo iliivuta ile ya XZ. Kwa mnyororo huo, programu ambayo hakuna aliyeihofia ikafika mahali ambapo seva huamua nani aingie na nani asiingie.

Aliyegundua ni Andres Freund, mhandisi wa Microsoft anayeshiriki kutengeneza hifadhidata huria ya PostgreSQL. Hakuwa akitafuta wadukuzi. Alikuwa akipima kasi ya kazi yake, akaona kuingia kwa SSH kunachukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida na kunatumia prosesa kupita kiasi. Akafuatilia hadi chanzo, na tarehe 29 Machi 2024 akatangaza. Matoleo yale yalikuwa yameshaingia kwenye Linux za majaribio; yalikuwa hayajafika kwenye Debian thabiti wala kwenye Linux za kibiashara zinazotumika kwenye seva kubwa.

Freund alifika mwisho wa jambo kwa sababu msimbo ulikuwa wazi kwake. Programu ingekuwa imefungwa, angepeleka malalamiko kwa muuzaji na kusubiri jibu. Lakini aliujua pia mwendo wa kawaida wa mashine yake, na hili ndilo ninalowaomba mlibebe. Ukikabidhiwa ofisi, siku za mwanzo usikimbilie kubadilisha vitu. Pima. Bando huliwa zaidi saa ngapi? Seva hutumia kumbukumbu kiasi gani asubuhi wafanyakazi wakiingia? Nani huingia kwenye mfumo usiku, na kutoka wapi? Andika kwenye daftari lenye tarehe. Kijana asiyeijua kawaida ya mtandao wake ataona dalili na kuzipita. Na seva ya mteja iwekee toleo thabiti, hata kama la majaribio lina mapambo mapya.

Heartbleed ya Aprili 2014 ilikuwa tofauti, kosa lisilokusudiwa ndani ya OpenSSL, maktaba huria ya kusimba mawasiliano, lililokuwemo tangu toleo la 1.0.1 la Machi 2012. Mtu wa nje aliweza kuchota hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa kila ombi. Log4Shell ya Desemba 2021, tundu jingine la usalama, ilikutwa kwenye Log4j, maktaba ya Java ya kuandika kumbukumbu za matukio, iliyokuwa ikitunzwa na watu wachache wa kujitolea. Makampuni tajiri yalijenga biashara zao juu ya kazi za watu hawa bila kuwalipa, kisha siku ya tatizo yakawataka warekebishe usiku huo huo. Hilo naliita dhuluma, na nawaomba mliite hivyo pia.

Twende kwenye rauta, maana huko mtunzaji ni wewe mwenyewe.

Hapa mjini rauta za MikroTik zimejaa: nyumba za wageni, mashuleni, na kwa wanaouza vocha za Wi-Fi mitaani. Ni vifaa vizuri kwa bei inayovumilika, na mfumo wake, RouterOS, umejengwa juu ya kiini cha Linux ingawa wenyewe si huria. Mwaka 2018 lilipatikana tundu lililopewa namba CVE-2018-14847 kwenye huduma ya Winbox, programu ya kuipangia rauta, inayopita poti (mlango wa mtandao) 8291. Mtu wa nje aliweza kulisoma faili la watumiaji wa rauta bila nenosiri lolote, akaondoka na majina na manenosiri. Kampuni ilitoa rekebisho Aprili 2018. Miezi iliyofuata, mamia ya maelfu ya rauta duniani zilikutwa zimetekwa, nyingi zikipenyeza kwenye kurasa za watu programu za kuchimba sarafu za kidijitali. Dawa ilikuwepo. Aliyekosekana ni wa kuisakinisha. Tena waliosasisha bila kubadilisha nenosiri walibaki uchi vile vile, kwa sababu nenosiri lilikuwa limeshaibwa. Kusasisha na kubadilisha nenosiri ni kazi moja, usiifanye nusu.

Ukipewa rauta ya zamani, fungua orodha ya watumiaji uone kama kuna jina usilolijua. Angalia ratiba ya kazi za kujiendesha na skripti zilizomo. Angalia kama SOCKS (njia ya kupitisha mawasiliano ya wengine kwenye rauta yako) imewashwa bila sababu, na kama anwani za DNS (huduma inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba) zimebadilishwa. Ukikuta lolote kati ya hayo, usipoteze muda kufuta kimoja kimoja. Andika mipangilio unayoihitaji, pakia mfumo upya kwa Netinstall, chombo cha MikroTik wenyewe, kisha panga upya kwa mkono. Telnet na FTP, njia za zamani zisizosimba mawasiliano, zizime. Winbox na SSH zifunguke kutoka ndani tu, kwenye mashine unazozijua. Wageni wa hoteli wawe na mtandao wao, mbali na ule wa kompyuta ya mapokezi. Kamera za dukani nazo msizisahau: virusi vya Mirai mwaka 2016 viliteka kamera na vifaa vya kurekodi kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani ambayo hakuna aliyeyabadilisha.

Kuna tabia inayoniuma zaidi ya tundu lolote. Fundi anafunga mtandao, anaweka nenosiri, anaondoka nalo. Mwenye nyumba ya wageni hajui lolote. Rauta inakaa miaka bila sasisho kwa sababu hakuna anayeweza kuingia. Wengine hufanya hivi makusudi ili waitwe tena. Mdogo wangu, huko ni kumnyang'anya mzee wa watu mali aliyoilipia. Ukimaliza kazi, andika manenosiri yote, jina la mtumiaji, toleo la mfumo na tarehe ya kusasisha, tia kwenye bahasha, mfungie mbele yake, mwambie aiweke na hati zake za nyumba. Mteja wa namna hiyo hurudi kwako kwa sababu amekuamini, na jina lako litafika Pongwe na Muheza kabla yako.

(Kwa walio Raskazone na pwani yote: hewa ya chumvi hula vichwa vya kebo. Kabla hujatangaza kwamba mtandao umedukuliwa, chomoa kichwa cha RJ45 ukitazame kama kimeota kutu.)

Habari za teknolojia zisomeni kila siku, ila zisomeni mkiitafuta kazi iliyomo ndani yake. WannaCry, kirusi cha kufunga faili na kudai malipo, kiliposambaa tarehe 12 Mei 2017, vichwa vya habari vilisema dunia imeshambuliwa. Kwetu mafundi habari ilikuwa kwamba Microsoft ilikuwa imetoa rekebisho Machi, miezi miwili kabla. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho bovu la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, hapo hapakuwa na mdukuzi wala programu huria, na funzo ni kujaribu sasisho kwenye mashine chache kabla ya zote pale unapoweza. Mei 2024 hitilafu za nyaya za EASSy na Seacom baharini zilipodhoofisha intaneti ya Afrika Mashariki, Tanzania ikiwemo, ofisi zilizoweka kila faili nje ya nchi zilikaa mikono mitupu. Nakala za faili muhimu ziwe pia ndani ya jengo.

Na mnapochagua programu huria, angalieni mmiliki wake ni nani. IBM iliinunua Red Hat, kampuni ya Linux, mwaka 2019 kwa dola bilioni 34. Desemba 2020 ikatangazwa kwamba CentOS Linux 8, Linux ya bure iliyojengwa kwa msimbo wa Red Hat, iliyotarajiwa kudumu hadi 2029, itaishia mwisho wa 2021. Waliokuwa wameijengea seva walishtuka. Lakini leseni iliruhusu wengine kuchukua msimbo na kuendelea, ndipo zikaja Rocky Linux na AlmaLinux. Terraform, programu ya kupanga seva, ilipobadilisha leseni Agosti 2023 ikazaliwa OpenTofu, na hifadhidata ya Redis ilipofanya hivyo Machi 2024 ikazaliwa Valkey. Hapa ndipo thamani ya uhuria ilipo kwangu, kuliko hata kutolipa hela: mmiliki akibadili mawazo, kazi yako haifi naye.

Sheria nayo ipo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, na nia njema haikuondolei kosa. Usiichunguze rauta ya hoteli kwa Nmap (programu ya kupekua poti zilizo wazi) kwa sababu tu umejifunza juzi. Pata ruhusa ya maandishi, au jenga maabara yako nyumbani kwa kompyuta kuukuu mbili na swichi moja. Na taarifa za wagonjwa, wanafunzi na wageni mtakazoziona kazini zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Usizipige picha, usizihamishie kwenye simu yako.

La mwisho ni la kurudisha. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili. Kazi ya namna hiyo bado inahitaji mikono, na ninyi mliokulia Tanga lugha mnayo. Asiyejua kuandika msimbo atafsiri, au aripoti kosa alilokutana nalo. Ripoti njema hutaja toleo la programu na la mfumo, hatua ulizofanya kwa mpangilio, ulichotarajia, na kilichotokea, pamoja na ujumbe wa kosa kama ulivyotokea kwenye kioo, bila kuufupisha. Kabla hujaituma, tafuta kama mwingine ameshairipoti. Ukiikuta, ongeza maelezo yako hapo hapo badala ya kufungua mpya, maana anayeisoma upande wa pili huenda ni mtu mmoja tu, baada ya saa za kazi yake.