Picha Ile Niliipigia Ng'ambo ya Reli

Jamani, tangu niweke ile picha ya Idi, nimekaa kwenye benchi na maji yananing'alia mgongoni, kundi la familia kule Tanga halijatulia. Wifi yangu kaandika, "Mwenzetu anapunga upepo kama yuko ufukweni Raskazone, tena analipwa." Mwanangu wa Barabara ya Nane anauliza kama pale ndipo ninapoishi. Mjomba yeye kauliza neno moja tu: mnakula nini huko? Nimekuwa nikikwepa kujibu kwa sababu sauti ya dakika mbili haitoshi. Leo sina zamu na mvua imeanza tangu alfajiri, basi someni.

Pale siishi. Nyie wa Ngamiani mnaijua safari hiyo: unavuka reli, unapita mjini, unateremkia baharini, ukishapunga upepo unarudi kwenu. Na mimi huku ni vilevile. Mtaa wangu unaitwa Butetown, mjini Cardiff, nchi ya Wales, huku Uingereza. Ubavuni mwake inapita reli yenye ukuta mrefu, sambamba na barabara ya Bute Street, mpaka karibu na maji. Ng'ambo ya ukuta kuna fleti mpya mpya zenye roshani za vioo. Upande wetu ni nyumba za kupanga, nyingi za halmashauri, na nguo zinaanikwa ndani juu ya kipasha joto kwa sababu nje hazikauki. Ile picha niliipigia mbele kule, kwenye mikahawa, na nilikuwa na chai yangu ya chupa kutoka nyumbani.

Lakini msinihurumie, mtaa naupenda. Huu ni mtaa wa mabaharia. Mwaka 1913 bandari hii ilipakia zaidi ya tani milioni 10 za makaa ya mawe, na kati ya waliokuwa wakitia makaa kwenye matanuri ya meli zile walikuwamo Wasomali na Wayemeni wengi. Wakashuka, wakaoa, wakazaa, na wajukuu zao leo wanaongea Kiingereza cha Cardiff ambacho hata Waingereza wenyewe kinawapiga chenga. Miaka ya sitini serikali ikabomoa nyumba nyingi za zamani ikapandisha maghorofa. Misikiti ipo, na kutoka kwangu kwenda sala ya tarawehe nakwenda na kandambili, nikiwa na buibui langu, hakuna anayegeuza shingo.

Sasa maji. Hapa ndipo mtacheka. Wiki yangu ya kwanza nilitoka adhuhuri nikaenda kukaa pale kwenye benchi kungoja maji yapwe, nione ufuo, labda na kina mama wanaookota kombe. Nikangoja. Alasiri ikapita, maji palepale. Mzee mmoja wa Kisomali, jirani yangu wa ghorofa ya chini, akapita na kifimbo chake akaniuliza nasubiri nani. Nikamwambia nasubiri maji yapwe. Alicheka mpaka akaketi. "Mwanangu, haya hayapwi. Yamefungwa."

Kumbe mwaka 1999 walimaliza kujenga boma, yaani ukuta wa kuzuia maji, lenye urefu wa kilomita moja na ushei, wakaziba mdomo wa ghuba, ndani likabaki ziwa la maji yasiyo na chumvi. Bahari yenyewe iko nyuma ya boma, nayo si mchezo: maji yake hupanda na kushuka hadi mita 14 hivi, wakati sisi Tanga bamvua likija ni mita tatu na kitu tunasema leo maji makubwa. Zamani ghuba ikipwa lilibaki tope tupu, na fleti za kifahari hazitaki kutazamana na tope. Siku nikiwa na nafasi natembea mpaka juu ya boma. Kulia ziwa limelala, kushoto bahari inavuta tope. Nasimama upande wa tope. Kunanuka kama ufuoni Sahare, kwetu Tanga.

Mjomba, chakula. Bada, ugali wetu wa muhogo, napika. Unga wa muhogo nanunua kwa Wanaijeria, na kwa kuwa papa mkavu hakuna, naroweka samaki mkavu wa Norway wanaompenda wao, mgumu kama ubao, usiku kucha. Si papa, lakini ukimpa tui zito na ndimu anakubali. Nguru anakuja amegandishwa kama tofali. Mwaka 2025 kima cha chini cha mshahara hapa kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na kilo ya nguru inameza zaidi ya saa yangu moja, kwa hiyo nguru ni wa Idi. Siku za kawaida nakwenda soko kuu la mjini, jengo la mwaka 1891, meza ya samaki iko mlangoni. Pale nachukua makareli. Mjomba, hao ni vibua vyao, tena vinono, wenyewe hawavijali sana. Navipaka chumvi, ndimu na pilipili, nafungua madirisha yote hata kama kuna baridi, na bado king'ora cha moshi kinalia. Jirani yangu wa Kipolandi siku hizi akikisikia anagonga mlango ameshika sahani.

Nazi za dukani unabahatisha, katika tatu moja imeoza. Hata hivyo nakuna mwenyewe. Mbuzi nilitoka naye Tanga kwenye sanduku, na uwanja wa ndege afisa alimgeuzageuza akiniuliza hii ni silaha gani. Nikamkalia palepale mbele yake kumwonyesha. Akaniachia.

Na hili hamtaliamini: watu wa Wales wanakula mwani. Ule ule ambao kwetu kina mama wanaulima, wanauanika, unauzwa nje bila mtu kuutia mdomoni. Wao wana aina yao, wanaichemsha masaa mengi mpaka inakuwa uji mweusi, wanaikaanga na unga wa oti asubuhi. Pembeni wanaweka kombe wadogo wa Penclawdd, kijiji ambacho zamani wanawake walikuwa wakitoka na punda maji yakipwa kwenda kuwaokota. Nilionja. Mwani siurudii. Kombe nilikula sahani mbili.

Starehe? Wifi, starehe ipo ila ina ratiba. Kuzunguka ghuba ni kilomita 10 na ni bure, na Juni jua linazama saa tatu na nusu usiku, unaona watu wako nje na watoto, wazee wa Kiyemeni wanabishana mpira, utadhani baraza. Shakwe mmoja alininyang'anya sambusa mkononi, kwa haki kabisa, nilikuwa nimeishika kizembe. Lakini Desemba saa kumi jioni giza linaingia. Natoka kazini giza, nimeingia giza. Kazi yangu ni kutunza wazee majumbani mwao; kuna mmoja ambaye wiki nzima mtu anayemsemesha ni mimi, na mimi napewa nusu saa. Kugonga hodi kwa jirani bila kuarifu watu hawajazoea. Ndiyo maana yule Mpolandi na sahani yake namheshimu.

Na wewe mwanangu wa Barabara ya Nane, uliyeniandikia pembeni kuhusu viza: usimpe mtu hela akikwambia atakupatia viza ya kutunza wazee. Uingereza iliacha kuchukua wafanyakazi wapya wa kazi hiyo kutoka nje mwezi Julai 2025. Mimi niliingia mapema. Na kwa viza nyingine, ada ya afya kwa walio wengi ni pauni 1,035 kwa mwaka, hujala wala hujalala. Ikifunguka njia nyingine ya halali nitakuambia mwenyewe.

Mama mdogo anasafiri mwezi ujao, nimesikia. Aniletee ubuyu, ukwaju, na chuma cha mbuzi pale sokoni Ngamiani; hiki changu meno yamelika.