Kwa nini gemu ya mwanangu imenyamaza? Maswali yenu kuhusu nyimbo ndani ya Roblox

Roblox ni jukwaa la gemu lenye makao yake San Mateo, California. Gemu zilizomo karibu zote hazikutengenezwa na kampuni yenyewe. Zimetengenezwa na wachezaji, na wengi wao ni watoto na vijana. Ndiyo maana ugomvi wa hakimiliki ya muziki uliolikumba jukwaa hilo umefika mpaka sebuleni kwetu. Maswali yamekuwa mengi, nami nimechagua yale ambayo majibu yake yatawafaa watu wengi zaidi.

Mwanangu wa kwanza alitengeneza gemu ndogo ya mbio za magari alipokuwa darasa la tano. Sasa yuko kidato cha pili. Mdogo wake kaifungua juzi, magari yanakwenda lakini muziki hakuna. Mkubwa anasema "waliuzima". Nani aliuzima, na utarudi? (Mama wa watoto wawili, Mwanza)

Mwanao anasema kweli, mama. Tarehe 22 Machi 2022 Roblox ilifunga sauti zote zinazozidi sekunde sita zilizokuwa zimepandishwa na watumiaji, zikawa za faragha. Kabla ya hapo, wimbo ukishapandishwa ulipewa namba, na yeyote mwenye namba hiyo aliweza kuupiga ndani ya gemu yake. Kulikuwa hata na redio kaseti ya kubeba begani ndani ya gemu: mchezaji anaandika namba, wimbo unalia, na wote mliomo mnausikia. Watoto walijifunza kupenda muziki wa nchi za mbali kwa njia hiyo.

Tangu siku ile, sauti ndefu hulia pale tu ambapo aliyeipandisha ameruhusu. Bila shaka gemu ya mwanao ilitumia namba ya wimbo wa mtu mwingine, naye hakutoa ruhusa. Pengine hata hayupo tena. Aliacha kucheza, akasahau nywila, akakua. Hakuna wa kuombwa.

Hapa ndipo panaponiuma. Mlango uliofungwa haukubagua wimbo ulioibwa na wimbo ambao kijana alijitungia kwa kinanda chake, akaupandisha kwa hiari ili wenzake wautumie. Nyimbo zote mbili zilifungwa usiku mmoja. Gemu za zamani ambazo waliozitengeneza walishaondoka zilibaki bubu, na hakuna aliyepewa kazi ya kwenda kuzisikiliza moja moja. Kampuni ilikuwa na haki ya kufunga nyimbo za watu, lakini sauti zisizo na mlalamikaji zilistahili kupewa muda mrefu zaidi na njia rahisi ya kuombewa ruhusa.

La kufanya ni hili. Mwambie mkubwa aifungue gemu yake ndani ya Roblox Studio, programu ya kutengenezea gemu hizo, atafute zilipo sauti, aiondoe namba ya zamani na kuweka wimbo mwingine kutoka kwenye maktaba ya jukwaa. Humo mna nyimbo nyingi zilizolipiwa leseni, zikiwemo za kampuni za muziki APM Music na Monstercat, na kuzitumia ndani ya Roblox ni bure. Wimbo ule ule wa zamani huenda usirudi. Lakini gemu itaimba tena, na mdogo wake atafurahi.

Roblox waliamka tu asubuhi moja wakaamua kuzima, ama kuna mtu aliwasukuma? (Msomaji, Nairobi)

Walisukumwa, ndugu yangu, tena kwa nguvu. Juni 2021 wachapishaji wa muziki walio chini ya chama chao cha Marekani, NMPA, waliifungulia Roblox kesi wakidai fidia isiyopungua dola milioni 200. Mchapishaji wa muziki ndiye anayesimamia haki za watunzi, yaani wale walioandika mashairi na melodi. Septemba mwaka huo huo pande mbili zilielewana nje ya mahakama. Miezi sita baadaye ndipo sauti zikafungwa.

Ili uone kwa nini kampuni ilikuwa mahali pabaya, lazima uijue sheria ya Marekani ya mwaka 1998 iitwayo DMCA. Sheria hiyo huikinga kampuni ya mtandao isibebe kosa la mtumiaji wake, ila kwa masharti. Ikiletewa taarifa ya wizi, iuondoe wimbo haraka. Iwafukuze wanaorudia kosa. Na isijipatie faida ya moja kwa moja kutokana na wizi ambao ina uwezo wa kuuzuia. Sasa tazama Roblox ilivyokuwa ikifanya: kila aliyepandisha sauti alilipa Robux, yaani pesa ya ndani ya jukwaa, kuanzia 20 kwa mlio mfupi mpaka 350 kwa wimbo wa dakika saba, na kila sauti ilipitiwa kabla ya kuruhusiwa. Anayetoza ada ya mlangoni na kumkagua kila anayeingia atasemaje kwamba hakujua kilichomo ndani? Wachapishaji walilikazia jambo hilo hilo.

Kuhusu nani alikuwa na haki, mimi nasimama na watunzi. Mtu anayekesha akitafuta ubeti mmoja anastahili kulipwa wimbo wake unapofanya gemu ya mwingine ipendeze. Ila ada ile haikulipwa na mawakili. Ililipwa na watoto, kwa Robux walizonunuliwa na wazazi, na hakuna aliyewafafanulia kwamba kulipa ada ya kupandisha si kununua haki ya wimbo. Baada ya mabadiliko, kupandisha kulifanywa bure: sauti 10 kwa siku 30, au 100 kwa aliyethibitisha kitambulisho chake. Ni hatua nzuri, na ilipaswa kuja mapema.

Shikamoo anko. Rafiki yangu anasema ukikata wimbo ukawa chini ya sekunde sita, unakuwa halali. Ni kweli? (Mwanafunzi, Tanga)

Marahaba mwanangu. Si kweli, na nashukuru umeuliza kabla ya kujaribu.

Sekunde sita ni kipimo cha jukwaa, si cha sheria. Roblox iliacha wazi sauti fupi kwa sababu hizo ndizo milio ya kazi: mlango unafunguka, viatu vinakanyaga changarawe, sarafu inadondoka. Bila hizo gemu zingekufa kabisa. Lakini hakuna sheria, si ya Marekani wala ya kwetu, inayosema sekunde sita, kumi au thelathini za wimbo wa mtu ni zako. Huo uvumi nimeusikia tangu enzi za kanda, na kila kizazi huurithi.

Nikupe mfano ambao wewe mwenyewe utaukumbuka, au kaka yako. Ule mguno wa "oof" mchezaji anapokufa ulikuwa mfupi kuliko sekunde moja. Ukaja kugunduliwa ndani ya gemu iitwayo Messiah ya mwaka 2000, na mtunzi wa muziki wa gemu Tommy Tallarico akadai haki zake. Novemba 2020 wakapatana na Roblox, wenye kutaka kuutumia katika gemu zao wakawa wanaununua kwa Robux 100. Julai 2022 ukaondolewa kwa sababu za leseni na mlio mwingine ukawekwa mahali pake. Kampuni kubwa kiasi kile iliuachia mlio uliokuwa kama nembo yake. Mguno wenye umri wa kuhesabiwa kwa nukta tu ulikuwa na mwenyewe.

Kama unataka milio mifupi, chukua simu urekodi. Sufuria, geti la chuma, daladala ikifunga mlango, mvua juu ya bati. Hiyo ni yako tangu inapozaliwa, na hakuna gemu nyingine duniani itakayokuwa nayo.

Nimeulipia wimbo kwa pesa yangu mtandaoni. Kwa nini nisiupandishe? (Msomaji, Kampala)

Kwa sababu ulichonunua ni ruhusa ya kuusikiliza. Kuusambaza kwa maelfu ya watu ni ruhusa nyingine, na huuzwa kivyake.

Mimi ni prodyuza. Nilipandisha biti yangu mwenyewe kwenye jukwaa moja la gemu, nikaambiwa nimekiuka hakimiliki. Nimeiba kwa nani, kwangu? (Dar es Salaam)

Pole sana kaka. Hili huwakuta wengi, na mara nyingi chanzo ni kimoja kati ya vitatu. Jiulize kwa utaratibu kabla hujajibu.

Kwanza, je, biti hiyo ilishatoka kama wimbo wa msanii? Kama msanii aliyeimba juu yake aliupeleka kwa wakala wa usambazaji, wimbo umesajiliwa kwenye programu za kutambua muziki kwa jina la msanii au la wakala. Mashine haikujui wewe. Inaona sauti ile ile na jina jingine, basi inazuia. Pili, je, ndani ya biti mna kipande cha wimbo wa mtu, hata ulichokipunguza kasi? Tatu, na hili ndilo linalowaumiza maprodyuza wengi wa kwetu: mlikubaliana nini studio? Wimbo mmoja una haki mbili zinazotembea pamoja, utunzi na rekodi. Kama uliuza biti kwa mdomo, bila karatasi, kila mmoja anaamini ni yake, na mahakamani wote wawili mtahangaika.

Ikiwa una hakika biti ni yako, usinyamaze. Kwa majukwaa ya Marekani, sauti ikiondolewa kwa sababu ya taarifa ya DMCA, una haki ya kutuma pingamizi. Mlalamikaji asipofungua kesi, sheria inataka kazi yako irudishwe kati ya siku 10 na 14 za kazi. Lakini elewa kwamba pingamizi ni kiapo, na ukidanganya unajiweka kwenye adhabu. Kama ni programu tu iliyokuzuia, bila taarifa ya mtu, tumia njia ya rufaa ya jukwaa lenyewe. Ambatanisha faili la mradi lenye vyombo vyote kimoja kimoja na tarehe zake. Na kazi zijazo ziandikishe COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Hakimiliki huzaliwa pale unapotunga, hata usipojiandikisha, ila cheti hurahisisha sana kuthibitisha.

Je, taarab za zamani nazo zina mwenyewe? Nataka kuziweka kwenye gemu inayoonyesha Mji Mkongwe. (Msomaji mwenye asili ya Unguja, Muscat)

Gemu ya Mji Mkongwe yenye taarab ndani yake! Nitakuwa wa kwanza kuicheza. Lakini twende taratibu, maana swali lako ni gumu kuliko linavyoonekana.

Chukua Siti binti Saad. Alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, akafariki mwaka 1950. Kwa sheria ya Tanzania Bara, na ya Kenya pia, haki za mtunzi hudumu maisha yake na miaka 50 baada ya kufa. Kwa hiyo utunzi wake mwenyewe ulishakuwa huru zamani. Ila si kila alichoimba alikitunga yeye, na rekodi ni haki nyingine tofauti na utunzi. Roblox hufuata sheria ya Marekani, na huko rekodi zilizotoka kabla ya 1923 ziliachiwa huru tarehe 1 Januari 2022, huku zile za 1923 mpaka 1946 zikisubiri miaka 100. Kwa hesabu hiyo, santuri za 1928 zinangoja 1 Januari 2029. Na santuri ikishasafishwa na kutolewa upya kwenye CD, aliyeisafisha naye huweza kudai sehemu yake.

Njia safi, nayo ni nzuri kuliko zote, ni kuwaomba vijana wanaopiga kanuni na udi wakupigie upya wimbo ambao utunzi wake uko huru. Walipe, mwandikiane karatasi, mpandishe kwa jina lenu. Sauti za wazee zitakuwa hai ndani ya gemu, na waliopiga watakuwa wamepata riziki.

Nina nyimbo zangu kumi na mbili za singeli. Nataka watengenezaji wa gemu wazitumie kihalali. Naanzia wapi? (Msanii, Dar es Salaam)

Una njia mbili, mdogo wangu. Unaweza kufungua akaunti, ukathibitisha kitambulisho, ukapandisha nyimbo mwenyewe na kutoa ruhusa kwa gemu unazozikubali. Au upitie wakala: mwaka 2024 Roblox iliingia ubia na DistroKid ili wanamuziki wanaojitegemea waweze kuruhusu nyimbo zao zitumike humo. Vyovyote utakavyochagua, soma kwanza sehemu ya malipo uone kama unalipwa kwa kila matumizi, unalipwa mara moja, au unatoa bure ili ujulikane, na kama unaweza kuuondoa wimbo baadaye ukibadili mawazo. Kabla ya yote hayo, keti na prodyuza wako na kila aliyeshiriki, muandike nani ana asilimia ngapi. Na anzia na wimbo ule wenye kasi kuliko yote, maana gemu za mbio na za kukimbizana ni nyingi kule.