Tishu za paini: fangasi wa kukusaidia si yule wa jiberelini

Ndugu uliyeuliza kutoka Mafinga kama unga wa jiberelini (homoni ya mimea), ile aina inayoitwa GA3, utakufaa kuzalisha miche ya paini kwenye chupa: usinunue kwanza. Homoni unayoihitaji ni asidi ya absisiki, ABA. Nasema hivi kwa sababu nimefanya kazi ya tishu za Picea abies, mti wa ukoo mmoja na paini, katika maabara ya Umeå kule Sweden.

Jiberelini ina sifa kubwa, naelewa kwa nini umeanzia hapo. Mwaka 1926 Mjapani Eiichi Kurosawa alionyesha kwamba mpunga unaorefuka ovyo na kuanguka hufanywa hivyo na kitu kinachotolewa na fangasi, ambaye leo anaitwa Fusarium fujikuroi. Hadi sasa GA3 ya dukani hupatikana kwa kuchachusha fangasi huyo huyo. Inarefusha mashina kweli. Ila wewe hutafuti urefu, unatafuta viinitete, yaani vimelea vya ndani ya mbegu vinavyokua kuwa miche.

Kazi yenyewe inakwenda hivi. Unachukua koni changa, mbegu zikiwa bado laini, unatoa kiinitete pamoja na nyama inayokizunguka na kukiweka kwenye midia (chakula cha kukuzia tishu) yenye 2,4-D na BAP, homoni mbili za kuhimiza seli zigawanyike. Ikikubali, inatoka tishu nyeupe yenye utelezi, na inaongezeka kwa kasi. Wengi hushangilia hapa, lakini tishu hiyo ukiiacha kwenye homoni zile zile itaongezeka tu, mche hupati. Lazima uondoe 2,4-D na BAP, uweke ABA ya mikromola 30 hadi 60 (kipimo cha wingi wake kwa lita), uiache gizani kwa wiki 6 hadi 8. Ndipo viinitete hukomaa, vikajiwekea akiba ya mafuta na protini na kuchomoza majani ya mwanzo. Jiberelini kwenye hatua hii inavuta upande wa pili: yenyewe huhimiza kuota, na ABA iko pale kuzuia kiinitete kisiote kabla ya kukomaa.

Na ABA nayo ni mali ya fangasi! Viwandani huchachushwa Botrytis cinerea, ukungu wa kijivu unaoozesha stroberi na zabibu. Hiyo ni ya umbo la asili la molekuli, linaloitwa S. Ile iliyoundwa kwa kemia mara nyingi ni mchanganyiko, nusu S na nusu umbo jingine, kwa hiyo miligramu 16 kwa lita (ndiyo mikromola 60) zina 8 tu za S. Soma lebo kabla hujanakili kipimo cha mtu. Iyeyushe kwa matone ya sodiamu haidroksaidi, ipitishe kwenye chujio la mikromita 0.22, uiongeze midia ikishatoka kwenye otoklevu (chungu cha mvuke cha kuua vijidudu) na kupungua moto. Chupa ya akiba izungushie foili, maana mwanga huiharibu.

Pinus patula mnayopanda huko inawezekana. Afrika Kusini waliifanya miaka ya 1990. Ila si kila mti mama hukubali, hivyo kusanya koni kwenye miti mingi, kila mti na mfuko wake. Tishu iliyokubali igandishe kwenye nitrojeni ya kimiminika wakati miche yake inajaribiwa shambani, vinginevyo utakuja kujua mti bora ni upi wakati tishu yake imeshazeeka.

Jiberelini itunze kwa bustani ya mbegu, kuhimiza miti itoe koni. Huko nako paini huitikia zaidi GA4/7, mchanganyiko wa jiberelini nyingine mbili, wakati GA3 inafaa jamii ya saipresi.

Miche ikitoka chupani na kuzoea hewa, changanya kwenye viriba udongo kidogo wa chini ya paini wakubwa, kama wazee wa vitalu wanavyofanya. Udongo huo una mikoraiza, fangasi wa mizizi ambao baadhi yao hutoa wenyewe oksini, homoni nyingine ya mimea, na paini bila hao hudumaa na kuwa njano. Ukianza kuchuma koni, pasua mbegu chache uniambie kiinitete kina ukubwa gani, maana muda wa kuchuma ni mfupi sana.